Sauti Kutoka Dungu la Pili

Ifakara, 21 Februari 1955

Mdogo wangu Balbina,

Pokea salamu, nimezifunga vizuri zisimwagike njiani. Sisi huku wazima. Baba Aurelia bado anawachongea mapadre madawati, na juzi padre mkubwa alipitisha kiganja juu ya meza yake akasema bonde zima hajaona meza laini kama ile. Sisemi mimi, alisema padre. Kuku wangu wametotoa. Mpunga wa majirani umeota umelala, wangu umesimama kama askari. Shemeji Dionisi mguu wake waendeleaje? Na hao wanaume wako wawili bado wanamaliza sufuria nzima?

Sasa neno lenyewe. Aliyekuletea barua hii ni Aurelia, na sikukutumia barua tu, nimekuletea na yeye. Nimempakia kwenye lori pamoja na Valeriani utingo, ambaye ni ndugu upande wa mume wangu, hatamwacha njiani. Ana gauni mbili, katekisimu yake, na perege wa kukaushwa wa kwako.

Akili ya mwanangu unaijua. Katekisimu anaisema yote akiwa peke yake kisimani, nimejibanza nikamsikia. Lakini mtu akimtazama tu, basi. Jasho linamtoka shingoni, vidole vinasokota gauni, sauti inakwenda nisikokujua. Mwaka jana padre alipowauliza watoto wa Kipaimara mmoja mmoja, kanisani, watu wakisikia, yeye alisimama kimya mpaka akaambiwa akae. Akarudishwa. Tekla binti wa Stefania, jirani yangu mke wa karani wa pamba, mtoto ambaye akili yake ni ya kuazima, alijibu kama kasuku akapakwa mafuta. Stefania akanunua gauni jipya, la kwake yeye, si la mtoto.

Tangu mwezi wa kwanza, asubuhi ya shule tumbo linamuuma Aurelia. Hospitali wamempima wakasema tumbo halina kitu. Jumamosi haliumi. Baba yake, Raimundi, anasema ni ukaidi, dawa yake fimbo. Mimi najua ni kijicho. Watu wameona mtoto wangu anang'aa wakamfunga ulimi. Hapa Ifakara wivu ni mwingi kuliko mbu.

Kaa naye mpaka wenye macho wasahau. Askofu atakuja tena siku ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa nane. Safari hii akishindwa uso wangu nitauweka wapi? Nimekwisha kumwahidi Stefania kuwa ndiye atakayekuwa msimamizi wake, amwekee mkono begani mbele ya Askofu, ili asikie kwa karibu mtoto wa watu anavyojibu.

Ni mimi dada yako, Theodosia, mama yake Aurelia.


Ifakara, 30 Machi 1955

Balbina,

Hatujambo, kama unataka kujua. Nakusalimu ingawa hukunijibu.

Wanasema mto Lumemo umepanda, lori zinalala ng'ambo. Sawa. Lakini Valeriani alivuka kwa mtumbwi akafika hapa, na barua yako hakuwa nayo. Anasema aliwakuta wazima, na kwamba alipompa Aurelia muwa alimwambia, "Asante, kaka." Alimwambia nani? Utingo? Mimi niliyembeba mgongoni, kwangu anatikisa kichwa kama mjusi, na utingo anaambiwa asante kaka?

Nimemwambia Valeriani amesikia vibaya kwa sababu ya injini. Niandikie.

Dada yako.


Kiberege, 28 Aprili 1955

Shikamoo dada,

Dionisi anakusalimu, mguu umepona isipokuwa palipo na kazi. Wanangu wazima, wanakula. Mvua imetupa mpunga mzuri, na mpunga mzuri umetuletea ndege. Perege tulimpokea, alikuwa mtamu. Nisamehe kwa kuchelewa, mto ulikuwa mkubwa.

Mtoto alipofika alikaa nyuma ya mlango siku nyingi. Sikumtoa. Nilipomuuliza kitu, wanangu walikuwa wanamjibia upesi upesi, nikawaambia atakayemjibia atakwenda kuchota maji yeye. Basi nyumba ikawa inangoja. Kungoja kule ni kugumu, dada, kuliko kulima. Siku moja nilimuuliza anataka uji au kiporo, nikageuka kukoroga, na nyuma yangu nikasikia, "Kiporo." Nilimpakulia kiporo.

Mpunga ulipoanza kuzaa nilimpandisha kwenye jukwaa la dungu kuamia ndege. Unajua shamba letu, limeinamia mtoni, na dungu letu na dungu la jirani yetu Bibi Natalia yametenganishwa na mpunga na matete, hamwonani hata mkisimama. Siku za kwanza alikuwa anapiga debe tu. Kwelea wakalizoea debe, wakala huku wanamtazama. Nikamwambia, ndege hawa hawajui wewe ni mtoto wa nani, wapigie kelele. Akapiga. Dada, mtoto huyu ana sauti. Nilikuwa nachuma mboga, nikasimama.

Kisha Bibi Natalia kutoka dungu la pili akaitikia kama waamiaji wanavyoitikiana, "Wamehamia kwako?" Nikasikia, "Wamerudi kwako, Bibi." Tangu hapo wanazungumza kutwa, wala hawajaonana uso.

Ulimi wake haukufungwa na mtu. Anasema watu wakimtazama anahisi wote wanautazama mdomo wake, wanangoja ukosee wacheke. Ndege hawachekii mdomo wa mtu.

Mdogo wako, Balbina.


Ifakara, 11 Mei 1955

Mdogo wangu,

Tumepata salamu zako. Huku kuna mafua lakini mimi hayanishiki, unajua damu yangu. Raimundi ametengeneza kabati ya mwalimu mkuu. Tekla amepewa kusoma somo mbele ya shule nzima, na Stefania alipita mlangoni kwangu akitafuta kuku ambaye mimi nilimwona amefungwa kwake. Alikuja nimwulize habari za Tekla. Sikumwuliza.

Nimefurahi kwamba Aurelia amepata sauti. Sauti ile ni ya ukoo wetu, ameirithi kwangu, wewe mwenyewe tangu utotoni ulikuwa unanong'ona. Lakini nina maswali. Nimemlea mtoto huyu kwa mayai na maziwa, gauni zake hazijawahi kuwa na kiraka, nimemfundisha katekisimu kwa kinywa changu. Halafu sauti anampa kikongwe wa matete na kwelea. Kwani mimi ni mbaya kuliko kwelea?

Na neno jingine. Valeriani anasema alimsikia akikuita "Mama". Najua mama mdogo naye ni mama, sikatai mila. Lakini lile "mdogo" limekwenda wapi? Lina uzito gani hata asiweze kulibeba?

Mwambie aniandikie kwa mkono wake. Na mwambie akishindwa na kwelea hata mmoja mwaka huu, nitamtambua ndege huyo kwa unene.

Theodosia.


Kiberege, 30 Mei 1955

Shikamoo dada,

Poleni na mafua. Mpunga unageuka rangi. Dionisi anasuka vikapu vya kuvunia, anavisuka vibaya, tunamsifu.

Nilikosea wiki mbili zilizopita. Nilimwona anazungumza na Bibi Natalia, nikadhani amepona. Siku ya soko nikampeleka barabarani auze mboga peke yake. Wanawake wakamzunguka, "Bei gani, binti? Huyu bubu?" Alitapika, akaacha kapu, akakimbilia mtoni. Jioni alikuwa amerudi nyuma ya mlango.

Nilitaka kumwambia, basi, hutaenda tena sokoni. Ndivyo moyo ulivyosema. Lakini ukimwondolea mtu kila anachokiogopa, kesho ataogopa na kizingiti. Basi sikumwondolea, nilikipunguza. Nilimtuma kwa Bibi Natalia nyumbani kwake, akaombe chumvi, neno moja tu, "chumvi". Alizunguka kichaka mpaka nikadhani amelala huko. Akarudi na chumvi. Siku nyingine maneno mawili. Juzi tumekwenda naye sokoni, nimekaa mimi mbele, yeye nyuma yangu anataja bei. Jana amekaa mbele, mimi nyuma. Mikono inamtetemeka bado. Namwambia iache itetemeke, mboga haijali.

Na ni mcheshi, dada, sijui kama unajua. Alinisomea vipaji saba vya Roho Mtakatifu, alipofika cha saba, uchaji, yaani kumcha Mungu, akasema, "Hiki ninacho tayari, ila mimi nawacha watu."

Alinieleza habari ya kigoda. Krismasi ya juzi, wageni wamejaa, ukampandisha juu ya kigoda kirefu cha baba yake awasomee katekisimu. Hakusema kwa kulalamika. Alisema alikuwa ametafuta neno, na neno lilikuwa linakuja, lakini wewe ukalisema kabla halijafika, na watu wakacheka. Sisemi zaidi. Nakumbuka tu kwamba tulipokuwa wadogo, mtu akiniuliza jina langu, wewe ndiye uliyejibu. Ulinipenda. Mimi nilijifunza kutaja jina langu nilipoolewa.

Ana ombi, anaogopa kuliandika. Anataka msimamizi awe mimi.

Balbina.


Ifakara, 20 Juni 1955

Balbina,

Nimerudi nyumbani salama kutoka kwako. Vumbi la njiani lilikuwa jingi, lori likaharibika Lumemo, nikamwonyesha dereva mahali mafuta yanapovujia kabla yeye hajaona. Niliwakuta wazima nikafurahi. Vikapu vya Dionisi kweli ni vibaya. Uji wako una moshi lakini si sana. Nashukuru kwa mchele.

Nilikuja kumchukua mwanangu, nikarudi bila yeye, kwa sababu mpunga ulikuwa haujavunwa na sikutaka uharibikiwe. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Raimundi ameuliza nikamjibu hivyo hivyo.

Habari ya msimamizi, hapana. Nimekwisha kutoa neno kwa Stefania. Wewe umepata "Kiporo", umepata "Bibi, wamerudi", umepata vichekesho vya uchaji, umepata hadi "Mama" bila mkia. Sasa unataka na bega. Ungekuwa na binti wa kwako ungejua. Mzazi haruhusiwi kuwa msimamizi; ingekuwa ruhusa tusingekuwa tunaandikiana haya.

Kigoda ninacho, ni kigoda kizuri, mninga mtupu.

Theodosia.


Kiberege, 4 Julai 1955

Shikamoo dada,

Tunavuna. Wote wazima, migongo inauma.

Barua yako ina habari za vumbi, za mafuta ya lori na za uji wangu. Habari ya dungu haimo. Basi niiandike mimi.

Siku ile ulipofika, mtoto alikuwa shambani tangu alfajiri, na Bibi Natalia alikuwa na homa. Nilikuomba ukae kwenye dungu lake mpaka nimpelekee uji, ndege wasimalize mpunga wa mgonjwa. Ulipanda na kanga zako za safari. Nilikwenda, nikarudi kwa njia ya matete, nikasikia Aurelia anaita, "Bibi, umekula?" Nikangoja kusikia utasemaje. Dada, uliitikia kwa sauti ya kizee. Ulikohoa kabisa. "Nimekula, mjukuu, na wewe?"

Nilikaa chini kwenye matete. Nilitaka kucheka, kisha sikutaka. Mlizungumza mpaka jua likaenda upande. Alikuambia habari za kwelea mwenye mguu mmoja, na mboga, na jinsi tumbo linavyokaza mtu akimwangalia. Nawe ulikuwa unasema tu, "Eee," na "Halafu?" Sijawahi kukusikia, tangu tuzaliwe, ukimwambia mtu halafu ukangoja.

Kisha akauliza, "Bibi, una binti?" Ukasema unaye. "Anakuja kukuona?" Ukasema, "Mimi ndiye ninayemwendea, lakini nikifika hunyamaza." Kisha ukashuka, ukaniambia macho yameingia makapi, na asubuhi ukapanda lori.

Najua unavyofikiri. Unafikiri uliiba maneno aliyokuwa anaambiwa Bibi Natalia. Ndiyo maana hukuandika. Nami nilifikiri hivyo mpaka jana tukiwa tunapura mpunga. Nilimwambia Aurelia, Bibi yako alikusikiliza sana siku ile ya homa. Akasema, "Bibi hana meno ya mbele, Mama mdogo. Yule alikuwa na meno yote."

Nikamuuliza, ulijua tangu lini? Akasema, "Tangu alipokohoa."

Alijua, dada. Yote yale alikuwa anakuambia wewe.

Na hili pia nililipe. Barua yako ya Machi niliipata mapema. Si mto uliochelewesha majibu. Nilikuwa na mtoto wa kike nyumbani, nikasema nikimjibu dada atakuja kumchukua.

Bega ni la kwako kuamua.

Balbina.


Ifakara, 15 Julai 1955

Mdogo wangu,

Salamu, kwa wote. Tumevuna magunia ya kutosha watu kuuliza.

Kile kigoda kirefu mguu wake ulikuwa umeanza kulegea, nimekipasua kuni. Mninga unawaka vizuri. Raimundi amekasirika, atasahau.

Nimemwambia Stefania kwamba kanisa halipendi jirani awe msimamizi. Hakuna sheria kama hiyo, lakini yeye hajui sheria. Amenuna. Amekwisha shona gauni.

Njoo na mtoto siku tatu kabla ya maswali ya padre. Vaa ile kanga niliyokupa, si ile nyingine, watu wasiseme ukoo wetu hauna nguo.

Makapi ya dunguni kwako ni makali, macho yananiwasha hata leo.

Theodosia.


Ifakara, 28 Agosti 1955

Mdogo wangu Balbina,

Natumaini lori lilikufikisha bila kukutikisa sana, na Dionisi hakuchoma nyumba akipika. Huku wazima, wageni ndio kwanza wanapungua. Kila aliyepita njia amekula kwangu, hakuna aliyetoka na tumbo jepesi, muulize yeyote.

Siku ya maswali ya padre wewe ulikuwa mbele naye, hukujua mimi niko wapi. Nilikuwa nje, ukutani, upande wa madirisha ya nyuma. Niliogopa akiniona ataona na kigoda. Padre aliuliza vipaji saba, kukawa kimya, na pale ndani Stefania akasema "Aaa" kwa kuridhika. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, Balbina. Hekima, nilikuwa nalo tayari. Niliuma kanga, kanga ina tundu mpaka sasa. Kisha nikasikia anaanza. Sauti ndogo, inatetemeka, ikafika cha tatu ikakwama, ikarudi nyuma kidogo, ikaendelea mpaka cha saba. Wako waliosema Tekla alisema kwa sauti kubwa zaidi. Debe nalo lina sauti kubwa.

Na siku ya Askofu niliona mkono wako. Niliutazama wakati wote, tangu alipompaka mafuta hadi alipompiga kile kikofi cha shavuni. Hukuubonyeza, hukumsukuma, uliuweka tu. Mimi ningebonyeza. Nimekuonea wivu, nakuandikia wazi ili usisikie kwa Valeriani. Lakini kumbuka, mdogo wangu: mkono ulikuwa wako, bega nililizaa mimi.

Ulipoondoka Stefania alikuja na Tekla kula. Akamuuliza Aurelia mbele ya wageni, "Haya, binti, umeona raha gani huko Kiberege?" Watu wakageuka wote. Shingo ikaanza jasho, nikaiona. Nikachukua tonge la wali, kubwa, nikajaza kinywa. Raimundi akanitazama akidhani naumwa. Nilitafuna, nikatafuna. Na Aurelia akasema, "Ndege." Wageni wakacheka, yeye akacheka nao, na mimi wali ukanipalia.

Shuleni anakwenda. Asubuhi nyingine tumbo linauma, namfunga kanga tumboni, anakwenda nalo. Mbele ya watu bado ni mzito, na kwangu, uso kwa uso, maneno bado ni ya kuhesabika. Sidanganyi.

Lakini nimepata njia, na hii si ya kwako, nimeigundua mwenyewe. Jioni nikipika nampa mgongo. Nakoroga. Kisha nakohoa kidogo, naita kwa sauti ya Bibi Natalia, "Mjukuu, umekula?"

Nangoja. Na nyuma yangu, karibu na mlango, anajibu:

"Bado, Mama."

Dada yako, Theodosia.